Zimwi likujualo: Itumbe inahitaji riwaya yake ya kutisha

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa heshima zote, waliosema hivyo hawakulelewa Gusii. Huku kwetu zimwi linalokumaliza ndilo linalokujua vizuri. Linajua jina la babu yako, linajua mpaka wa shamba lenu umepita wapi, linajua unarudi saa ngapi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, na linajua ulikuwa unatembea na nani.

Ndiyo maana nasema bila kupepesa macho kwamba riwaya nzuri ya kutisha ya vijana inafaa kuandikwa kuhusu Itumbe. Na naongeza: wahusika wake wakuu wawe wasichana wawili wanaopendana. Kabla hujaitupa simu, ebu nipe dakika kumi.

Nyumba inayokula watu

Kuna aina ya riwaya inayopita kimyakimya kutoka simu moja hadi nyingine kati ya vijana wa mijini. Ni hadithi za kutisha zilizoandikiwa watu wa miaka 14 kwenda juu, na ndani yake kuna msichana anayempenda msichana mwenzake. Mwaka 2019 Rory Power alitoa Wilder Girls, hadithi ya shule ya bweni ya wasichana iliyo kisiwani, iliyofungiwa karantini baada ya ugonjwa wa ajabu kuanza kubadilisha miili ya wanafunzi. Mwaka 2023 Trang Thanh Tran akatoa She Is a Haunting, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi.

Msichana anaitwa Jade Nguyen. Amelelewa Marekani, na anaenda Vietnam kumtembelea babake ambaye hawajaelewana kwa muda mrefu. Mzee anakarabati nyumba kubwa iliyojengwa enzi za wakoloni Wafaransa huko Da Lat, mji wa milimani wenye baridi na ukungu, akitaka kuigeuza iwe nyumba ya wageni. Mapatano ni kwamba Jade avumilie wiki tano, kisha apewe pesa za chuo. Huku nyumbani ana siri yake: hapendi wavulana tu. Basi anaishi kwa kuigiza mbele ya familia, na nyumba nayo inaanza kumtafuna polepole. Wadudu wanaonekana pale wasipofaa kuwepo. Ndoto zinakuwa nzito. Bibi harusi aliyekufa zamani anamtokea na kumwonya asile. Na kati ya hayo yote yuko Florence, msichana anayemfanya Jade acheke.

Angalia kitabu hicho kimeweka kitisho wapi. Mapenzi ya wale wasichana si balaa. Balaa ni nyumba, na nyumba imekuwa balaa kwa sababu ya historia: ukoloni, pesa, na mambo ambayo familia iliamua kutoyataja. Ukishaelewa hapo, umeelewa aina nzima ya hadithi hizi zinapoandikwa vizuri. Mzimu ni kitu ambacho watu walikataa kukisema, kikaamua kujisemea.

Sasa toa Da Lat, weka Itumbe.

Hofu ya kwao ni upweke, ya kwetu ni macho

Kwa asiyepajua, Itumbe iko Kisii, eneo la milima na majani chai, na kuna kiwanda cha chai kinachobeba jina hilohilo. Asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba hadi humwoni anayechuma mstari wa pili, unasikia tu anakohoa. Alasiri mvua inakuja, na kuna siku inakuja na mawe yanayopiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wanaongea kwa ishara. Makaburi hayako mbali kwenye uwanja wa kanisa. Yako uani, hatua chache kutoka jikoni, mengine yamewekwa vigae vinavyong'aa kuliko sakafu ya nyumba yenyewe. Mwandishi wa hadithi za kutisha akifika hapo hana la kuongeza.

Lakini mandhari peke yake haitoshi, na hapa ndipo waandishi wetu chipukizi wengi wanapokwama. Wanaiga kasri. Katika hadithi za Ulaya na Marekani, mahali pa kutisha ni mbali na watu. Carmilla ya Sheridan Le Fanu, iliyotoka kama kitabu mwaka 1872, inaanzia kwenye kasri pweke huko Austria. The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959, ni nyumba iliyo mbali na mji, ambako ukilia usiku hakuna wa kukusikia. Hofu yao ni upweke.

Gusii huwezi kuwa mpweke hata ukitaka. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba ya kaunti ya Kisii. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka mengine ni vipande vyembamba kama riboni vinavyoshuka hadi mtoni. Ukipiga mayowe Itumbe saa sita usiku, watu arobaini watasikia. Swali la kutisha kwetu ni lingine: watakuja kukuokoa, ama watakuja na mafuta ya taa?

Hilo si swali la hadithi. Mei 2008, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto huku Kisii, wengi wao kina mama wazee, wakidaiwa kuwa wachawi. Ripoti za wakati huo zilisema waliowashambulia walizunguka nyumba hadi nyumba wakiwa na orodha ya majina. Oktoba 2021, wanawake wanne wakauawa Marani kwa madai hayohayo. Na ukifuatilia visa hivi, mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" unakuta shamba. Mjane anaishi peke yake, ana kipande cha ardhi, watoto wa shemeji wamekua na hawana mahali pa kujenga. Halafu ng'ombe wa mtu anakufa ghafla, ama mtoto wa jirani anaugua, na jina linatajwa.

Kuna sheria ya uchawi nchini tangu mwaka 1925, lakini umati haungojei sheria. Kwa Ekegusii mchawi anaitwa omorogi. Neno hilo likishakukalia, hakuna ushahidi unaohitajika tena.

Kwa nini wasichana wawili?

Hapa ndipo msomaji ataniuliza: sawa, andika kuhusu hao kina nyanya, lakini hawa wasichana wanaopendana wanaingilia wapi? Si ni kutafuta tu kiki?

Wanaingia kwa mlango uleule. Kuna neno lingine ambalo likishakukalia hakuna ushahidi unaohitajika: msagaji. Lifikirie hilo neno. Limetoka kwa kusaga, kazi ya jiwe na ya posho mili. Halisemi chochote kuhusu kupenda. Halisemi kuhusu msichana anayemngojea mwenzake kwenye njia panda ili wateremke pamoja kwenda shule, wala kuhusu kugawana chapati moja na kukumbuka ladha yake wiki nzima. Linakufanya kitendo, halafu linakufanya tishio. "Omorogi" inafanya kazi hiyohiyo kwa nyanya yako.

Wote wawili, yule mjane na huyu msichana, wana kosa moja machoni pa kijiji. Wanaishi bila mwanamume wa kuwajibia. Mmoja alifiwa naye, mwingine hamtafuti. Na wote wawili wanazungumziwa kama maambukizi: usipeleke mtoto kwake, usikubali chakula chake, usilale naye chumba kimoja.

Unadhani natia chumvi? Desemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, alisema wanafunzi wanaopenda wa jinsia yao hawafai kukaa shule za bweni, wasome shule za kutwa karibu na kwao. Januari iliyofuata vijana waliandamana Nairobi kupinga kauli hiyo. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2022, Sheila Lumumba, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa Karatina, na marafiki zake wakaenda mitandaoni kudai haki. Hizi si hadithi za mizimu. Ni habari tulizosoma kwenye simu hizihizi, tukapitisha kidole, tukaenda kwa video inayofuata.

Tena, ushago wenyewe hauna haki ya kujifanya haujawahi kusikia wanawake wawili wakijenga boma moja. Desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke ilikuwepo Gusii, kama ilivyokuwepo kwa Wakuria na Wanandi. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari, akaoa msichana, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya Monica Jesang Katam, ilitambua ndoa kama hiyo ya Kinandi kwenye mvutano wa urithi. Haikuwa ndoa ya mapenzi, na sitaki mtu atoke hapa akidai nimesema hivyo. Ilikuwa njia ya kulinda nyumba na ardhi. Lakini inatuambia kitu: mila zetu zilijua kutafutia wanawake nafasi pale zilipoona kuna haja. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba boma la wanawake wawili ni kitu kilichoshuka juzi na ndege, mwulize nyanyake.

Nyumba ya Minnesota

Basi riwaya yetu ingeanzia wapi? Wacha nikupe wazo, bure.

Ukipita barabara za Gusii utaona nyumba za ghorofa zilizosimama katikati ya majani chai na migomba. Zina nguzo za mbele, madirisha makubwa, geti la chuma. Usiku hakuna taa. Zimejengwa na watoto waliokwenda ng'ambo, na watu wetu wengi wako Minnesota, ambako wanafanya zamu mbili za kuwatunza wazee wa wenyewe ili wajengee wazee wao nyumba. Halafu mzee anakataa kuhamia, anasema hiyo nyumba ni baridi, anabaki kwenye nyumba yake ya zamani ya mabati. Nyumba kubwa inabaki na mlinzi, popo, na viti vyenye plastiki ambayo haijatolewa.

Mahali ambapo kila mtu anakuona, hiyo nyumba tupu ndiyo pekee yenye giza la kutosha watu wawili kukaa bila kuonwa.

Umeona sasa? Msichana wa kwanza amefukuzwa bweni kwa "kushukiwa" na amerudishwa shule ya kutwa kijijini. Wa pili ni binti wa mlinzi, na ndiye mwenye funguo. Wanakutana humo ndani jioni kufanya hesabu, na hesabu haziishi. Wanajua hatari iliyo nje. Hawajui iliyo ndani. Kuna chumba kimoja cha chini ambacho rangi haishiki ukutani. Kila wakipaka, inababuka, na nyuma yake kuna masizi. Nyumba hiyo imejengwa juu ya kiwanja cha nani? Nani aliishi hapo kabla ya pesa kutumwa? Kwa nini jina lake halitajwi kwenye mazishi, kwenye harusi, wala hata kwenye ugomvi?

Mimi ningekisoma kitabu hicho usiku mmoja. Na sidhani ningelala.

Haihitaji vampaya. Historia ya hapa imejaa vitu vya kuota navyo vibaya. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wa kikoloni, Northcote, baada ya jamaa yake Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kwa unabii na dawa zake, kuwachochea vijana wasimame. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, na mpaka leo wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Kwa Waingereza, Moraa alikuwa mganga mchochezi. Kwa Wagusii ni shujaa. Mwanamke mmoja, majina mawili. Hiyo peke yake ni riwaya.

Na shule zetu za wasichana? Oktoba 2023 makumi ya wanafunzi wa Eregi, Kakamega, walishindwa kutembea vizuri, wakalazwa hospitalini, na nchi nzima ikawa daktari: wengine wakasema mapepo, wengine wakasema wanajifanya, wengine wakasema msongo wa mawazo. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada za shetani. Nchi iliyowahi kuwa na tume ya shetani haiwezi kusema haina malighafi ya hadithi za kutisha.

Mwisho mwema ndio ulioleta balaa

Tatizo letu si malighafi. Tatizo ni kwamba hadithi kama hii ikiandikwa, kuna mwisho mmoja tu unaokubalika: wasichana wafe, ama watubu.

Tunalo funzo la karibu. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes. Ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Bodi ya filamu iliipiga marufuku nyumbani. Kahiu ameeleza kwamba kilichokera zaidi ni mwisho: ulikuwa na matumaini, na alitakiwa kuubadilisha uonyeshe majuto. Akakataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, na kumbi zikajaa. Mwaka 2020 mahakama ikakataa ombi lake la kuondoa marufuku.

Tafakari hapo. Wasichana wale wangemalizia wakilia na kujuta, huenda tungeiona sote kwenye televisheni kama funzo la maadili. Kilichokuwa cha kutisha ni kwamba walibaki hai na huenda wakafurahi.

Na tusiwasingizie watu wa bodi peke yao. Aina hii ya hadithi ina dhambi ya kuzaliwa nayo. Carmilla niliyoitaja ndiyo mama yake, na ndani yake msichana anayempenda msichana ndiye zimwi lenyewe. Ni mrembo, ni mpole, anakunywa damu, na mwishoni wanaume wanamfukua kaburini na kumchoma mti moyoni. Zaidi ya miaka 150 tumekuwa tukifundishwa kwamba msichana anayemshika mwenzake mkono hivyo lazima kuna kitu anataka kunyonya. Waandishi wa sasa, kama Tran, wameigeuza hadithi: zimwi ni nyumba, ni pesa, ni kimya. Sisi pia tunaweza kuigeuza, kwa Kiswahili chetu.

Masharti matatu

Kwa yeyote anayetaka kuiandika, nina masharti matatu, na nitakuwa mkali kama mwalimu wa zamu.

La kwanza, mapenzi yasiwe laana, na yasiwe dawa ya laana. Wasichana wasiadhibiwe kwa kupendana, lakini pia busu lisifukuze mzimu. Wawe watu. Wagombane kuhusu bando, wivu uwepo, mmoja awe mwoga kuliko mwenzake. Msomaji akimwogopea mhusika ni kwa sababu anamjua.

La pili, nyanya asiwe mchawi. Najua ni rahisi: mwanamke mzee, fimbo, jicho moja, moshi. Mahali pengine ni mchezo. Kisii kuna familia zilizomzika mama yao akiwa majivu kwa sababu ya picha hiyohiyo. Mwandishi akiirudia kwa sababu tu inaogofya, anaongeza kuni. Anayetaka mfano wa kuigeuza picha hii amsome Idza Luhumyo, Mkenya aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2022 kwa hadithi ya msichana ambaye nywele zake huita mvua na ambaye jamii inamwogopa kwa hilo. Hofu iko kwa wanaomtazama.

La tatu, kiandikwe kwa lugha inayosomeka huku. Hizi riwaya tunazozisoma ziko kwa Kiingereza, na hilo limetupa kisingizio: haya ni mambo ya wazungu. Kiswahili nacho si mgeni wa vitu vya kutisha. Mirathi ya Hatari ya Mung'ong'o ilishughulikia uchawi tangu miaka ya sabini, na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ina mzimu unaomwandama kiongozi mwenye ulafi. Kinachokosekana ni cha rika letu. Tuna mashetani ya kisiasa ya kutosha kwenye vitabu vya mtihani. Hatuna kitabu ambacho msichana wa kidato cha pili atakifungua chini ya blanketi kwa sababu hawezi kungoja asubuhi.

Lakini watoto je?

Wazazi wataniambia: unataka kuwafundisha watoto wetu tabia. Nawaheshimu, kwa hivyo nitajibu kwa uwazi.

Kwanza, kitabu cha vijana si kitabu cha ngono. She Is a Haunting inatisha kwa sababu ya nyumba, na mapenzi yake ni mazungumzo, kuangaliana, na woga. Mtoto wako ameona makubwa zaidi kwenye tamthilia unayotazama naye saa mbili usiku.

Pili, sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa. Lakini vinazungumzia vitendo, si riwaya. Na vitabu havipiti kwenye bodi ya filamu kuomba ruhusa. Kikitaka kusomwa darasani kitahitaji idhini ya KICD, na mimi sidai kiwe kitabu cha mtihani. Vitabu vya mtihani tunavisoma kwa maswali. Hiki nataka tukisome kwa hofu. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shirika la kutetea watu hawa lina haki ya kusajiliwa. Majaji hawakuwa wanapitisha ndoa. Walikuwa wanasema mtu ana haki ya kukusanyika na wenzake hata kama humpendi. Hadithi inaomba hicho hicho: nafasi ya kuwepo.

Tatu, tumewahi kupiga vitabu marufuku tukijidai tunalinda watoto. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni Tanzania kwa sababu ilisema wazi yanayowapata wasichana. Baadaye ikaingia madarasani, na leo hakuna anayezungumza kuhusu riwaya ya Kiswahili bila kuitaja. Wasichana waliozuiwa kuisoma hawakulindwa na chochote. Yaliyokuwa yanawapata yaliendelea kuwapata, ila hawakuwa na kitabu cha kuwaambia hawako peke yao.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwangu. Kuna msichana Itumbe saa hii, labda anachuma majani chai kabla ya kwenda shule, labda anakusomea haya juu ya bega lako. Hadithi zote alizosikia kuhusu mtu kama yeye zinaishia motoni, kwenye mahubiri, ama kwenye kichwa cha habari. Kuna pia nyanya jirani yake anayefunga mlango saa kumi na mbili jioni, kwa sababu mwezi huu mtoto wa mtu ameugua. Hawa wawili hawajawahi kuambiwa kwamba wanaogopa kitu kimoja.

Riwaya inaweza kuwaweka chumba kimoja, taa ikiwa imezimika, mvua ya mawe ikipiga mabati, na nje sauti za watu wanaowajua kwa majina. Tungojee pamoja nao ukurasa ufuatao. Kisha tufunge kitabu, tutoke nje, na tuwatazame majirani zetu tukijiuliza kama nasi tulikuwa kwenye ule umati.

Kama unaandika, anza. Kama wewe ni mchapishaji na unasoma huku umekunja uso, kumbuka kwamba vijana wana simu na programu za kuandikia hadithi, na hawatakungoja. Na kama wewe ndiye yule msichana wa Itumbe, wewe ndiye unayejua chumba kipi hakishiki rangi. Hakuna mtu wa Nairobi atakayeiandika hiyo hadithi vizuri kukushinda.